Sanduku Lililopona Kila Likifika Voi

Sanduku lilishuka kutoka basi la Kasigau kwa mara ya tatu, limefungwa ndani ya leso kuukuu ya mama yake, na Wakesho alijua litafanya nini kabla hata hajafungua fundo. Litapona.

"Limerudi?" Opiyo aliuliza bila kuinua macho kwenye redio aliyokuwa ameipasua tumbo.

"Limerudi, Mzee."

"Lipe chai lirudi kwao. Hilo sanduku linapenda mji tu. Kama mimi."

Opiyo alikuja Voi ujanani kwa kazi ya reli. Reli ilipomwacha alifungua kibanda cha ufundi nyuma ya soko, akabaki. Ndiye aliyempa Wakesho meza alipokuwa na mimba kubwa na bado anahudhuria masomo ya jioni, wakati mafundi wengine walikuwa wakimtazama tumbo kabla ya kumtazama mikono. Sasa mwanawe Abby alikuwa na miaka miwili, akicheza ndani ya katoni chini ya meza hiyo hiyo, na mama yake alikuwa na cheti.

Wakesho aliliweka sanduku mezani kama mtu anayemlaza mgonjwa.

Kule Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, mama yake na majirani wachache walizungushia mashamba yao fensi moja ya stima ili tembo wasiingie. Ndani ya sanduku hili kuna mashine inayopeleka shoti kwenye waya, tik, tik, tik, mchana na usiku. Mashine hiyo inataka volti kumi na mbili. Betri walizonazo ni mbili za lori, zimeunganishwa, zinatoa ishirini na nne. Kati ya betri na mashine, humo humo sandukuni, inasimama regyuleta ya kushusha umeme huo, na regyuleta ile ilikuwa ya Wakesho. Ya kwanza iliunguzwa na radi. Hii aliitengeneza kwa mikono yake muhula wa mwisho wa masomo, kutoka kwa vipande vya chaja za zamani, na mwalimu akaizungusha darasa zima ionekane. Haikuwa ya aina ile inayomaliza umeme wa ziada kwa kuwa moto kama pasi. Hii iliukatakata umeme kwa kasi isiyoonekana kwa macho, washa zima, washa zima, na upande wa pili ukatoka umeme mdogo, mtulivu.

Ila huko nyumbani ilikuwa inakufa. Si kila siku. Inafanya kazi wiki nzima, kisha siku moja wanaizima kidogo, wakiiwasha tena hakuna kitu. Wanaizima, wanaiwasha, bado. Wanaifunga kwenye leso, wanaipandisha basi, na ikifika Voi inaamka kama haikuwahi kulala. Abby alikuwa hivyo mwaka wa kwanza: homa inampanda usiku kucha, ukifika geti la hospitali anacheka na askari.

Aliunganisha nyaya, akaweka taa ya gari badala ya mashine, akawasha. Taa iliwaka. Mita ikasoma kumi na mbili, imenyooka.

Akazima. Akainama, akamfuta Abby kamasi, akamrudishia kiatu. Akawasha. Kumi na mbili.

Alikwisha kuigonga kwa mpini wa bisibisi kutafuta waya uliolegea. Alikwisha kuipuliza moto kwa draya ya Jacqueline wa saluni, akaipoza kwenye friji ya soda ya jirani. Alikwisha kurudia kila tone la solda. Na kila mara alifanya kwa mpango uleule wa kibanda, maana Opiyo alikuwa na sheria moja tu ambayo hakuna aliyeivunja: ukizima kitu, usikiwashe papo hapo. Stima ya Voi ikipotea hurudi na kishindo, imekwisha kuua televisheni na mafriji, kwa hiyo kila mtu mjini anajua kungoja itulie. Mkono wa Wakesho ulikuwa umezoea kungoja bila kumwomba ruhusa.

"Ni nzima," alisema.

"Basi kuna mtu huko anaichezea," Opiyo akasema. "Nimeona mengi mimi. Mtu anafungua na kisu cha jikoni akitafuta dhahabu."

Neno hilo lilimwingia kwa urahisi kuliko ilivyopasa. Kulikuwa na jambo lililomfanya atake jibu haraka, jibu lolote. Kaka yake Alexander, aliye na kazi nzuri ya bandarini Mombasa, alikuwa amechoka kupigiwa simu za usiku. Mwaka uliopita tembo walipoingia, alimkalisha mama yao chini na kumwambia kwa upole: nakuachia msimu mmoja zaidi. Wakiingia tena, unashuka Voi kwa Wakesho, shamba tunalikodisha kwa watu wa ng'ombe. Na mama yao, ambaye hajawahi kukubali jambo asilolitaka, alikubali, kwa sababu alikuwa na binti aliyejua stima. "Wakiingia, nitashuka," alisema. Kisha akapanda mahindi na pojo mpaka kwenye waya.

Wakesho akapiga simu.

"Mama, huku linawaka."

"Huku lilikufa, mwanangu. Mwandawiro alipima na nyasi, hakuna kitu."

Mwandawiro ndiye jirani aliyeshika swichi. Mtu wa maneno mengi na ugomvi mdogomdogo, lakini kila fensi ikiwashwa alichuma jani refu bichi, akaliegemeza kwenye waya, akangoja shoti imtafune vidole. Isipomtafuna, alipiga kelele kijiji kizima kikasikia.

"Mwandawiro tena?" Wakesho akasema. "Mbona kila likifa ni yeye wa kwanza kujua?"

"Si ndiye ashikaye swichi."

"Ndiyo maana nauliza. Mama, kitu hakiwezi kuharibika chenyewe huko na kujiponya chenyewe huku. Kuna mkono. Mnyang'anyeni hiyo swichi, apewe mtu mwingine muone."

Upande wa pili akasikia mtu akikohoa, na mwingine akisema kitu mbali, na mama yake akasema harakaharaka, "Haya, haya, tutaonana," simu ikakatika.

Sanduku likarudi na basi la kesho yake. Swichi akapewa Tryphena, mjane wa boma la juu, mwanamke mwaminifu aliyeogopa shoti kuliko nyoka.

Simu ilipokuja mahindi yalikuwa yamekauka, yanangoja kuvunjwa. Ilikuwa asubuhi, Wakesho akimnywesha Abby uji.

"Wameingia," mama yake alisema.

"Kiasi gani, Mama?"

"Njoo uone. Alexander nimeshamwambia."

Alifika Makwasinyi jua likiwa bado halijawa kali, Abby mgongoni, begi la vyombo begani. Hakuhitaji kuonyeshwa. Mahindi yalikuwa yamelazwa upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Pojo zilikuwa zimesagwa ndani ya udongo, na kwenye vinyesi, vikubwa kama vikapu, zilionekana punje za mahindi nzimanzima, za njano, zimepita tumboni bila hata kutafunwa vizuri. Mama yake alikuwa ameinama katikati akiokota magunzi yaliyobakiza punje, akiyatia kwenye ndoo.

"Karibu," alimwambia, bila kusimama. "Kuna chakula kimebaki huko ndani, kimanga. Mtoto amekula?"

"Amekula. Mama, wacha hayo."

"Ni chakula."

Majirani walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha nyumba, kama watu waliokuja matanga wasijue nani amekufa. Mwandawiro hakuwa nao. Alikuwa amesimama kule getini, nje ya waya, mikono nyuma. Tangu siku ya ile simu hakuwa amekanyaga boma la mama yake Wakesho.

"Taa ilikuwa imewaka!" Tryphena alianza kabla ya salamu, machozi yakimshuka. "Kijani kabisa, Wakesho. Jioni mbuzi walipoingia niliwasha, nikaangalia taa, nikaenda kulala. Naapa."

"Hukupima na nyasi?"

"Mimi? Nipigwe?"

Taa ile ya kijani, juu ya sanduku, ilipata umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Wakesho ndiye aliyeiweka hivyo, ipendeze. Ingewaka hata mashine ikiwa imekufa.

"Na sasa linafanya kazi?"

"Sasa linafanya. Asubuhi tulizima tukanyanyua nguzo zilizoanguka, tukawasha, likaamka. Si ndiyo tabia yake."

Akaenda lilipo sanduku, kwenye nguzo karibu na geti. Kweli, tik, tik, tik. Akaweka begi chini. Mwandawiro alimtazama.

Wakati huo mbuzi wa boma la juu wakaletwa kwenda majini. Vishikio vya plastiki vya kufungulia geti vilivunjika zamani, kwa hiyo geti lao halikuweza kufunguliwa bila kuzima fensi yote. Wakesho alilijua hilo. Lakini alikuwa ameolewa na kuhamia Voi kabla ya fensi kujengwa, na alipokuja kuwatembelea alipita hapo akiwa na mizigo na maamkizi. Hajawahi kusimama aangalie.

"Zima!" akapaza sauti mwenye mbuzi.

Tryphena akakimbia, akabonyeza.

"Pita, pita, pita! Haraka! Pita!"

Mbuzi wenyewe walijua. Walipita kwa kusukumana, wakirukiana migongo, wa mwisho akichapwa matakoni, geti likavutwa.

"Washa!"

Yote yalimalizika kwa pumzi moja. Tangu siku ndovu mmoja alipotoka kichakani mchana kweupe geti likiwa wazi, hakuna aliyethubutu kuiacha fensi imezimwa hata muda wa kujikuna. Hata watoto wa shule walipita hivyo, mabegi vichwani, wakipigiwa kelele.

Taa ya kijani ikawaka. Tryphena akageuka kurudi kivulini.

Wakesho alisimama pale, kichwa kimeinama upande. Hapakuwa na tik.

Alichuma jani la nyasi. Naye hakupenda shoti, lakini akaliegemeza kwenye waya. Hakuna. Waya ulikuwa waya tu.

"Haya, fundi," Mwandawiro akasema kutoka ng'ambo. "Nani ameligusa sasa?"

Wakesho aliishika swichi. Alizima, akawasha papo hapo. Kimya. Akazima tena, na safari hii mkono wake ukafanya kile ulichozoea kufanya kibandani: ukangoja. Alimrekebisha Abby mgongoni, akakaza fundo la leso kifuani. Akawasha.

Tik. Tik. Tik.

Zima washa, haraka: kimya. Zima, ngoja, washa: tik. Akarudia mpaka majirani wakatoka kivulini mmoja mmoja wakaja kusimama nyuma yake, na mama yake akaacha ndoo.

Alifungua sanduku, akazima, akaegemeza ncha za mita kwenye kijipande kimoja kidogo, na hapo hakuhitaji tena kubahatisha. Swichi ilikuwa imezimwa, lakini kijipande kile bado kilishika chaji yake, inashuka polepole, polepole, kama maji kwenye ndoo yenye tundu la sindano.

Kilikuwa kile alichojivunia.

Regyuleta ya namna ile ina kapasita ndogo, kijipande cha kuhifadhi chaji, ambayo kazi yake ni kuifundisha kuanza. Ikiwa tupu, regyuleta huanza chini kabisa, na kadiri inavyojaa, nayo hupanda. Mwalimu aliwaambia darasani kwamba kuanza kwa upole huongeza umri wa mashine. Wakesho, aliyekuwa akimnyonyesha Abby miezi hiyo na kufikiria upole kwa kila kitu, aliitoa kapasita iliyokuwepo akaweka kubwa zaidi, ili mashine ya mama yake iamshwe taratibu kuliko mashine zote. Hakufikiri kwamba kikubwa kikichelewa kujaa kitachelewa pia kutoka. Ukiizima na kuiwasha haraka, kapasita bado imejaa, regyuleta inadhani imekwisha kupanda, inamwaga umeme wote kwa mkupuo mmoja, inajikaba, kisha inajifunga isiungue. Siku mbuzi akigoma getini chaji hupata muda wa kutoka na inaamka; siku wote wakikimbia, haipati. Na kila ukiibonyezabonyeza kwa hofu, unazidi kuifunga. Mpaka uichoke, uifunge kwenye leso, uipandishe basi, na njiani kapasita inaisha chaji.

Ndiyo maana alitafuta kila mahali asipatafute hapo. Ni mahali alipoweka mapenzi.

Aliwaeleza hivyohivyo, kwa maneno mepesi. Hakuficha.

"Kwa hivyo," Mwandawiro akasema, na sasa alikuwa amesogea mpaka kwenye waya, "si mkono wangu."

"Si mkono wako, Baba Noah. Ni mkono wangu."

"Sema kwa sauti. Ile siku ulisema kwa spika. Simu ya mama yako ilikuwa mezani, sote tumekaa tunaisikia. Mke wangu alikuwepo. Noah alikuwepo."

Wakesho akaangalia uso wa mama yake, na mama yake akaangalia chini. Akakumbuka kile kikohozi.

"Ni mkono wangu!" akasema, mpaka sauti ikapasuka na Abby akashtuka mgongoni. "Nilikusingizia. Ungekuwa wewe kwenye swichi jana jioni ungepima na nyasi, ungepiga kelele, na hawangeingia."

Mwandawiro alingoja kama mtu anayehesabu pesa kuona kama zimetimia.

"Wangekuta mtu macho," akasema hatimaye. "Hilo tu. Kuingia au kutoingia, simjui tembo moyoni."

Hakuna stima ya nyumba Makwasinyi upande ule. Alichukua chuma cha kulehemu cha Opiyo, kile cha zamani chenye kichwa cha shaba, akakichomeka kwenye makaa ya jiko la mama yake. Mama yake akapepea mwenyewe kwa mfuniko wa sufuria. Chuma kilipoiva Wakesho alitoa kapasita yake kubwa, akatafuta kwenye kopo la vipuri iliyo ndogo, akaitia solda mahali pake. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Kisha akaitesa: zima washa, zima washa, zima washa, haraka kuliko Tryphena, haraka kuliko hofu. Kila mara, tik, tik, tik.

Hakuna aliyepiga makofi. Tryphena alisema "Asante Mungu" kwa sauti ndogo, akaona aibu.

Alexander alifika kesho yake na pikapu ya rafiki. Hakuja kushangilia, alikuwa na macho mekundu, alikuwa ameendesha tangu alfajiri, na alipoliona shamba alivua kofia. Hapo ndipo Wakesho alipojaribu.

"Kaka, limepona. Safari hii kweli. Nilipata tatizo, ni mimi niliyelitia, na nimelitoa. Mwambie akae msimu mmoja."

"Mimi?" Alexander akasema. "Mimi simzuii. Mama, unasikia? Anasema limepona."

Mama yao alikuwa akifunga kuku miguu.

"Nimesikia. Nimelisikia usiku kucha likigonga. Ni zima."

"Basi kaa, Mama."

"Sikukuahidi likipona, Alexander. Niliahidi wakiingia. Wameingia." Akamkabidhi kuku wa kwanza. "Na wewe umeshapokea neno la watu wa ng'ombe. Utawaambia nini, mama yangu hana neno?"

"Nitawaambia chochote."

"Hapana."

"Mama, ni kosa langu," Wakesho akasema. "Usiondoke kwa kosa langu."

Ndipo mama yake alipomtazama sawasawa, mara ya kwanza tangu afike. "Niliwaambia hawa watu wapande mpaka kwenye waya. Niliwaambia mwanangu anajua. Mwandawiro alikaa nyumbani kwake kama mwizi, na mimi nikamwacha akae, kwa sababu mwanangu amesema. Nikibaki hapa nitapita mbele yake kila siku kwenda majini." Akashika kuku wa pili. "Unajua, mwanangu. Sikatai. Lakini nimechoka kungoja ujue."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa nafuu.

Getini Mwandawiro ndiye aliyekuwa kwenye swichi. Alizima, pikapu ikapita na vitanda na sufuria na kuku, akawasha. Wakesho, aliyeketi nyuma juu ya gunia, alimwona akichuma jani la nyasi, akiliegemeza kwenye waya, akiurudisha mkono haraka. Hakuwapungia.

Huko Voi, Wakesho na mumewe Wanyonyi walitundika pazia katikati ya chumba. Wanyonyi aliamka mapema kwenda shamba la mkonge, akamwamkia mkwewe kwa heshima kupitia kitambaa. Abby alifurahi sana. Alidhani bibi amekuja kucheza.

Asubuhi ya kwanza mama yake aliosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi. Kisha akasimama mlangoni na karai la maji machafu, akatazama kulia, saruji, akatazama kushoto, saruji na mlango wa mtu mwingine. Wakesho alimwona kutoka ndani, akiwa anafunga begi la kazi. Alimwona akipiga hatua moja mbele, akirudi, maji yakichezacheza ukingoni, hajui ayamwage wapi.

"Lete, Mama," akasema.

"Wacha. Nionyeshe tu ni wapi. Nitajifunza."